Jina la Ndani la Nkambo

Kasungami, Lubumbashi
Siku ya yenga, 11/2/2024

Mama Martine,

Nakusalimia. Siye tuko, lakini si bazima sana. Nakuandikia barua sababu ku simu nilishajaribu mara tatu, na kila nikifika ku neno yenyewe unasema rezo iko mubaya, kisha inakatika. Barua haikatike. Sista Kasonde wa paruasi yetu anaenda ku nyumba yabo ya Kinshasa siku ya ine. Atakupa mu mukono.

Neno yenyewe ni hii. Mutoto wangu iko na miezi ine na hana jina. Ku karatasi ya commune aliandikwa Ariel, bwana yangu Aristote njo alichagula mbele ya kurudia ku kazi yake ya Kolwezi. Lakini unajua kama ile ni jina ya karatasi. Analia, Mama. Analia kuanzia asubui tukienda kuchota mayi mpaka saa bamama banatoka ku mashamba. Ku dispensaire balimupima: kilo muzuri, masikio muzuri, tumbo muzuri. Munganga alicheka: “Mama, huyu hana ugonjwa, iko na maneno.” Mama mukwe wangu, Mama Edith, yeye hakucheka. Alimubeba, akamusikiliza kama muntu anayesikiliza radio ya jirani, akasema: “Anaomba jina. Kuko muntu wa kwenu anagonga, na hamumufungulie.”

Na mimi namujua anayegonga. Ni mama yako, Nkambo Chilufya. Alinileaka miaka kumi na sita pale Mitwaba, na Chilufya njo jina ya inje, ile bantu bote balimuitaka. Ya ndani hakunipa. Nilimuomba hata mu ugonjwa yake ya mwisho. Akasema: “Haitoke kwa nkambo kwenda kwa mujukuu. Inapita mu sikio ya mama. Mama yako alishazaa, kwa hiyo alishaipata. Na wewe siku utazaa, muulize.” Kisha akageuka kuangalia barabara, vile alikuwa anaangalia siku zote zile.

Basi nimezaa, nakuuliza.

Mama Edith anasema meno ikitoka bila jina, batamupa ya upande yabo. Balishachagula: dada yake mukubwa aliyekufa, yule aliyeolewa mara tatu na akafukuzwa mara tatu. “Alikuwa muntu muzuri,” anasema. Mimi sikatae alikuwa muzuri. Lakini musichana wangu wa kwanza akiitwa yule, Nkambo atabaki inje, na hakuna muntu mwingine wa kumuingiza.

Usiandike jina mu barua, najua ni mwiko. Kuja. Uniambie mu sikio, siku moja tu, na urudie ku masomo yako na bitabu yako.

Mutoto wako,
Lydie


Kinshasa, 26 Februari 2024

Lydie mwanangu,

Sista Kasonde alinikuta shuleni, mikono imejaa chaki. Barua yako nimeisoma mara mbili. Pole na kilio cha mtoto. Nawe ulilia hivyo. Mfunge mgongoni, tembea naye, usikae naye ndani peke yenu mchana kutwa. Kilio hukua ndani ya nyumba.

Kuhusu lile uliloniuliza, umesema kweli, ni la ana kwa ana. Nitakuja likizo ya Pasaka nikimaliza kusahihisha mitihani.

Kwa sasa nakutumia riwaya yangu mpya. Ni Kifaransa, lakini Kifaransa chepesi. Humo utakuta hadithi za Mama, zile alizozisimulia akitwanga. Hapa watu wanazipenda. Kwenye redio waliniuliza nimezitoa wapi, nikajibu: kwa mama yangu, na kwa binti yangu aliyezisikia baada yangu. Nimeandika jina lako ukurasa wa kwanza.

Msalimie Mama Edith. Mwambie meno ya mtoto hayana haraka hiyo.

Mama yako,
Martine


Kasungami, 7/4/2024

Mama,

Pasaka imepita. Nilipaka nyumba udongo mweupe, nilitwanga majani ya muhogo, sombe ya siku tatu. Léonard jirani alitupatia godoro yake ya wageni, na jana amekuja kuirudisha. Akauliza: “Mama wa Kinshasa bado iko mu hewa? Ile ndege inakwenda na pedali, kama kinga?” Nilicheka naye. Alipokwenda nilikaa chini nikasahau chungu ya bukari ku moto.

Sikuandikie juu ya hiyo. Naandika juu ya kitabu.

Sina saa ya kusoma, unajua. Nilisoma ku foleni ya kupima batoto, nilisoma ku robinet nikingoja mayi, ukurasa mbili, ukurasa tatu, mutoto analia mu sikio. Nilimusikia Nkambo mule, sitakudanganya. Ile ya mwanamuke aliyekwenda mbali kutafuta chumvi, akatia sauti yake mu kibuyu, akaitundika juu ya mutoto ili mutoto akiita “mama” kibuyu iitike. Lakini mu kitabu yako mama anarudi, mutoto anamukimbilia, kibuyu inapasuka, bote banalia na furaha. Nkambo hakumalizaka vile. Kwake, mama anarudi na chumvi ku kichwa, na mutoto anauliza kibuyu: “Huyu ni nani?” Na kibuyu inajibu na sauti ya mama mwenyewe: “Simujue.” Pale njo mwisho, anaendelea kutwanga. Siye batoto tulikuwa tunamuomba aongeze, hakuongezaka.

Sikukasirika. Muntu wa bitabu anabadilisha, ni kazi yake.

Kisha nikafika ukurasa 143. Musichana anaenda ku masomo, mutoto wake anabaki, na mama yake anamukamata penye lori, anavuta kichwa yake, anamupa jina ya ndani mu sikio. Na jina uliiandika. Lumwenya. Nilisimama pale ku robinet mpaka ndoo ikajaa ikamwangika, bamama ba nyuma yangu bakanitukana matusi ya kila rangi.

Nimeelewa, Mama. Ulijua hutafika. Ukaniletea jina kati ya maneno ya kutunga, kama bantu banavyoficha mbegu mu majivu. Si vile inafanywaka, na Nkambo angekuchapa mudomo. Lakini asante. Nilikuwa nafikiri mambo mubaya juu yako, unisamehe.

Siku ya posho, tarehe 20, bamama batakuja kutaja jina. Aristote hatakuwa, zamu yake ya kazi haijaisha. Kama Lumwenya siyo yenyewe, kama ulibadilisha na hiyo, niite mbele ya siku ile. Simu nimeipeleka kwa Léonard kuchajisha ku panneau yake ya jua, itakuwa wazi asubui na mangaribi.

Lydie


Kinshasa, 14 Aprili 2024

Lydie,

Barua imefika. Nisamehe kwa Pasaka. Ilikuwa mitihani, halafu homa. Nakutumia kikwembe cha kumbebea mtoto siku hiyo, na kingine cha Mama Edith, kile cha bluu.

Fanyeni mnavyoona vema. Wewe ni mama sasa, uamuzi ni wako.

Mbusu mtoto.

Martine


Kasungami, 28/4/2024

Mama wangu,

Bikwembe ilifika mbele ya siku yenyewe. Mama Edith anavaa yake hata ku shamba, anasema bantu baone kama iko na muntu Kinshasa.

Sasa nikuambie. Bamama tano balikuja, balikaa ku mukeka mbele ya mulango. Sijui kama unakumbuka vile inafanywa: mutoto anaachwa na njaa kidogo, muntu anataja jina, na mama anatoa ziwa. Mutoto akishika, jina imemukubali. Akikataa, banatafuta ingine. Mama Edith ni mukubwa, alianza yeye. Akataja dada yake. Mutoto alishika kidogo, akaachia, akalia mpaka akakuwa mweusi. Mama Edith akarudilia mara ya pili, na ya tatu, kama muntu anayegonga ku nyumba penye banamusikia na hawamufungulie. Mutoto anajinyonganyonga tu. Mama mumoja akasema pole pole: “Edith, huyo dada yako hata huku banamufukuza?” Bote bakajizuia kucheka.

Kisha nikasema mimi: Lumwenya.

Akashika palepale. Akanyonya na macho wazi, ananiangalia. Bamama bakapiga bigelegele. Mama Edith hakufanya kichwa nguvu. Akatia mayi na unga mweupe mu kinywa, akamupulizia ku kifua, akasema: “Karibu, Nkambo. Umekawia, lakini karibu.”

Tangu siku ile analala muchana. Kilio iko, lakini ni kilio ya mutoto. Asubui musichana wa jirani, Kiki, alipita akauliza kama tumehama.

Sasa Mama Edith anamuita Nkambo, anamuomba ruhusa mbele ya kumufunga mu mugongo. Na maulizo yake haiishe. Mwenye jina alikuwa muntu gani? Alikuwa wa kwanza kuitwa vile, ao kulikuwa mwingine mbele yake? Alikatazwa kula nini? Unajua jina inakujaka na mwiko yake. Nkambo hakulaka samaki kambale, lakini sijui kama ilikuwa ya jina ao ya tumbo yake tu. Wewe unajua, uniandikie.

Na uniandikie kitu ingine, hii ni yangu mwenyewe, si ya Mama Edith. Siku Nkambo alikuambia jina, sauti yake ilikuwa namna gani? Alicheka? Nililala naye ku mukeka moja miaka yote ile, najua vile alikuwa anakohoa, najua vile alikuwa anasema na kuku. Ile sauti moja sikuisikia.

Mutoto wako,
Lydie


Kinshasa, 26 Mei 2024

Mwanangu,

Nimeanza barua hii mara nyingi. Ulisema barua haikatiki, basi nitaandika hadi mwisho.

Lumwenya si jina la Mama. Nililitunga mimi. Niliandika majina manne kwenye karatasi. Mhariri akafuta mawili kwa sababu wasomaji wangeshindwa kuyatamka, na katika mawili yaliyobaki nikachukua lililokaa vizuri mdomoni. Hivyo tu.

La Mama silijui.

Siku niliyoondoka Mitwaba ulikuwa na miezi saba. Lori lilikuwa limekwisha kuwasha injini. Mama alikuja mbio na wewe mgongoni, akanishika shingo, akasema: “Inama nikupe.” Nilijua ananipa nini. Nilikwepesha kichwa. Nilisema: “Mama, niache na mambo yenu ya porini, watu wanatutazama.” Mikono yake ilikuwa na unga wa muhogo, ukabaki kwenye kola yangu. Nilikuwa na miaka kumi na tisa na shati jeupe la shule. Nilipangusa kola, nikapanda.

Baadaye alinitumia neno kupitia madereva, mara tatu: njoo, kuna kitu chako huku. Nilidhani upo muda. Kisha nikapata habari ya msiba, nikafika mkiwa mmeshazika.

Kwamba alikuambia nilishalipata, sikujua mpaka barua yako ya kwanza. Alinifichia aibu hata kwako. Uliniuliza sauti yake ilikuwaje. Ilikuwa na haraka, Lydie, kwa sababu ya lori. Hilo neno moja, “inama”, ndilo ninalolijua.

Katika kitabu niliinama. Nadhani kitabu chote niliandika ili nifike pale.

Barua yako ya mwezi wa nne ilinifikia siku saba kabla ya sherehe. Namba yako ilikuwa kwenye simu, kidole juu yake. Nikafikiri: nani atajua? Watu wameshaliamini jina hili, hata mwanangu. Nikaenda sokoni kununua vikwembe.

Mwambie Mama Edith, au nitamwandikia mimi. Mwondoeni mtoto jina hilo, mpeni la dada yake. Kuja siwezi. Nitamtazamaje mtoto huyo?

Martine


Kasungami, siku ya yenga, 14/7/2024

Mama,

Nimekawia kujibu kwa kusudi. Mwezi wa kwanza maneno yote nilikuwa nayo ilikuwa ya kukuumiza, na niliona afazali ikae kwangu.

Barua yako nilisoma katikati ya mihindi, penye hakuna muntu. Nililia Nkambo mara ya pili. Ile ya kwanza tulikuwa bengi, balitoka mpaka ku bijiji ya mbali, balilala kwetu siku ine. Hii ya pili nilikuwa peke yangu na mutoto mu mugongo ananivuta nywele. Kufika ku nyumba Mama Edith akauliza macho yangu iko na nini, nikasema mafua. Jina ya Nkambo imekufa, Mama. Ilifikia penye lori ile, ikabaki pale. Sitakuambia si kitu. Ni kitu, na utaibeba.

Lakini kumuondolea mutoto jina, hapana. Na kumuandikia Mama Edith, hapana. Sikiliza juu ya nini.

Sikukuambia yote ya ile siku ya posho. Banasema aachwe na njaa kidogo. Mimi sikumunyonyesha tangu asubui. Wakati Mama Edith alikuwa anataja dada yake, nilibana ziwa na kidole chini ya kikwembe, maziwa isitoke. Mutoto anavuta, hapati, analia. Mara tatu. Wakati nilisema Lumwenya, niliachia. Bamama banapiga bigelegele, na maziwa inamwangika mpaka ku shingo yake. Mutoto wangu mwenyewe nilimufanyia vile. Nilifanya juu ya Nkambo aingie, na Nkambo hata hakuwa ku mulango.

Basi tuko babili. Wewe uliitunga, mimi niliisukuma.

Kuhusu mwiko, nilijibu Mama Edith kama mwenye jina hakulaka kambale. Jina si yake, lakini kambale ni yake kabisa, na mutoto hatakula. Kuhusu mwenye jina alikuwa muntu gani, nilimuambia bado tunangojea kumujua. Alitingisha kichwa, alifikiri ni mambo ya kwetu ya siri.

Mutoto iko na meno mbili ya chini. Anakaa peke yake, anakula udongo nikigeuka. Nikimuita Ariel, anaendelea na udongo. Nikimuita Lumwenya, anaacha, anatafuta sauti iko wapi. Hakuna muntu nyuma ya jina ile, yeye njo wa kwanza. Siku atazaa, nitamuambia yote mu sikio yake: lori, unga ku kola, karatasi ya majina ine, kidole yangu. Sitamumalizia muzuri kuliko ilivyokuwa.

Na wewe usiandike hii. Nakujua, hapa unaposoma mukono ilishaanza kukuwasha. Hii si ya kitabu. Ukiiandika utapata mulango yangu imefungwa, na mutoto atakua anakujua ku radio tu.

Masomo imefungwa, huna mitihani. Kuja. Unauliza utamutazamaje; yeye hakujue, wewe njo utatazamwa. Atalia kidogo, umuvumilie, usilie naye. Utamubeba muchana na mimi nitalala, Mama. Nimechoka mpaka nasahau nilikuwa nasema nini. Sitaki uniambie kitu mu sikio. Nataka ukae siku kumi na utwange sombe.

Sitakuja ku kiwanja ya ndege kukungoja, jua ni kali kwa mutoto. Panda taxi mpaka ku barrière ya Kasungami, penye magari inasimamishwa, na uulize bamama banauzisha makala ya kupikia. Usiulize Lydie, hapa hawajue ni nani. Uliza kwa Mama Lumwenya, batakuonyesha.

Mama Lumwenya